Kupanga Safari ya Chania, Mji wa Bandari ya Kale Kisiwani Krete

Msomaji wetu wa Mombasa ameandika kwamba yeye na mumewe wameweka akiba ili wampeleke mama yake, mwenye umri wa miaka 68, kutembea Ugiriki kwa siku tisa mwishoni mwa Septemba. Wakala mmoja wa safari amewapa ratiba ya visiwa vitano kwa meli. Yeye angependelea mji mmoja wa bandari wenye historia, kwa kuwa amekulia jirani na Mji wa Kale wa Mombasa na mambo ya kale humvutia kuliko ufuo. Hata hivyo mama anasumbuliwa na magoti, na wote watatu ni Waislamu wanaozingatia chakula chao. Anauliza wachague mji gani, wakae wapi na wazipange vipi siku zao.

Dada yangu, shauri langu la kwanza ni kwamba muiache ratiba hiyo ya visiwa vitano. Kila kisiwa kinachoongezwa hula zaidi ya nusu ya siku katika kufunga mizigo, kutoka hotelini, kungoja gatini, kupanda meli, kushuka na kutafuta chumba kingine, na atakayeumia zaidi ni mama, kwa sababu meli nyingi za Ugiriki huwapakia abiria kupitia mlango wa nyuma pamoja na magari, kisha huwapandisha ghorofani kwa ngazi huku kila mtu akiwa na haraka. Chagueni mji mmoja na mlale humo usiku sita au saba. Mji ninaoupendekeza ni Chania, ulioko pwani ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Krete. Katika tiketi na vibao vya barabarani mtaukuta umeandikwa Chania, Hania au Xania. Zote tatu ni mahali pamoja.

Kabla sijafika kwenye viza na vyumba, naomba nikueleze bandari yenyewe, maana ukiielewa, maamuzi mengi ya safari yatakuwa mepesi. Chania haikuwa bandari nzuri. Nasema hivyo nikiwa mtu anayeupenda sana mji huu. Mdomo wa bandari na pwani yake yote vinaelekea kaskazini, na huko ndiko zinakotoka pepo kali za bahari ya Aegean. Katika miezi ya baridi mawimbi huruka ukuta na kumwagika gatini hadi kwenye vizingiti vya mikahawa. Kina chake ni kidogo, na mchanga haukomi kujaa, hata kila dola iliyoutawala mji ililazimika kuuzoa. Wavenisi, yaani watu wa Venisi ya Italia, walioipata Krete baada ya Vita ya Nne ya Msalaba ya mwaka 1204 na kuuanzisha mji huu upya mwaka 1252, waliijenga bandari kati ya 1320 na 1356. Walirundika mawe baharini wakafanya ukuta mrefu wa kuvunja mawimbi, wakaacha mlango mwembamba upande wa magharibi, ambao wakati wa hatari ulifungwa kwa mnyororo uliovutwa kutoka kwenye ngome hadi mguu wa mnara wa taa. Hata baada ya kazi hiyo yote, manahodha hawakuiamini bandari hii, hasa upepo wa kaskazini ulipovuma kwa siku kadhaa mfululizo.

Kwa hiyo walihitaji mahali pa kuzificha merikebu zao za makasia wakati wa baridi, na ndipo yalipojengwa mabanda makubwa ya mawe ambayo Wagiriki huyaita Neoria. Kila banda lina paa la kuba refu na mlango mpana unaotazama maji, na merikebu nzima iliweza kuvutwa ndani, ikakarabatiwa na kungoja majira mema. Ilipofika mwaka 1599 yalikuwa 17. Leo yamebaki saba yaliyoungana upande wa mashariki wa bandari, moja kubwa lililosimama peke yake, ambalo sasa ni kituo cha maonyesho ya usanifu majengo, na mengine mawili kwenye pembe ya ndani kabisa, na mojawapo limehifadhi meli iliyoundwa upya kwa kufuata mtindo wa Krete ya kale sana. Mtu aliyezoea kuona majahazi yakipandishwa pwani kwa ajili ya kusuguliwa na kupakwa mafuta ya sifa ataelewa mara moja kazi ya mabanda haya. Wageni wengi hupita mbele yake wakidhani ni maghala tu.

Meli zilipokuwa kubwa, na hasa baada ya mvuke kushika nafasi ya tanga, bandari ya Chania haikuweza kuzipokea. Zilihamia ghuba ya Souda, yenye kina na kinga ya vilima, umbali wa kilomita saba hivi upande wa mashariki. Huko ndiko zilikotia nanga meli za kivita za madola ya Ulaya wakati wa mgogoro wa Krete wa mwaka 1897, na huko ndiko inakofika hadi leo meli ya abiria kutoka Piraeus, bandari ya Athens. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeona haja ya kubomoa gati la kale la Chania ili aweke reli, kreni na maghala ya zege. Udhaifu wa bandari ndio ulioihifadhi. Miji mingi ya Mediterania iliyokuwa na bandari bora imepoteza sura yake ya zamani kabisa, nayo Chania, iliyoshindwa kazi ya ubandari, imebaki na gati ambalo mfanyabiashara wa karne ya 17 angelitambua.

Yapo mambo matatu ya kupangia kutokana na maelezo haya. La kwanza, msitarajie kuingia Chania kwa meli. Mtashukia Souda, kisha mtapanda basi la mji au teksi. La pili, kila asubuhi angalieni upepo kabla ya kuamua siku iwe ya bandarini au ya bara. La tatu linamhusu mama: mnara wa taa, ambao kila mgeni hutaka kuufikia, uko mwisho wa ule ukuta wa kuvunja mawimbi, mwendo wa kilomita moja na nusu hivi kutoka upande wa mashariki, juu ya mawe yasiyo sawa na pasipo na kingo upande wa maji. Kwa magoti mabovu safari hiyo haifai, na siku ya upepo haimfai mtu yeyote. Mnara huo unaonekana vizuri zaidi kutoka ng'ambo, kwenye ngome ya Firkas, ambako mama anaweza kuketi na kuuona wote mbele yake. Ulijengwa kwanza na Wavenisi mwishoni mwa karne ya 16, lakini umbo lake la leo, ambalo humkumbusha mtu mnara wa msikiti, ni la wakati ambapo Wamisri wa Muhammad Ali, mtawala wa Misri, waliitawala Krete kwa niaba ya Sultani wa Waothmani, yaani Waturuki, katika miaka ya 1830.

Hapo ndipo utamu wa Chania ulipo kwa mtu mwenye jicho la historia: kila mtawala aliacha jengo lake, na aliyemfuata akalibadilisha badala ya kulivunja. Anzeni na kilima cha Kastelli, nyuma tu ya gati. Katika barabara ya Kanevaro, katikati ya nyumba, kuna shimo kubwa la uchimbuaji lenye kuta za mji wa Kydonia, uliostawi hapa zaidi ya miaka 3,400 iliyopita. Wataalamu wa Ugiriki na Sweden wamechimbua kilimani hapo tangu miaka ya 1960, na wamepata mabamba ya udongo yenye maandishi ya Linear A na Linear B, namna mbili za uandishi wa kale wa huku, jambo linaloonyesha kwamba mji huu ulikuwa na makarani na hesabu za ghala zamani zile. Kupatikana kwa mabamba hayo kusiwaridhishe bila kuyaona. Nendeni kwenye Makumbusho ya Akiolojia, ambayo tangu mwaka 2022 yamehamia jengo jipya katika mtaa wa Halepa, mashariki mwa mji, kwa teksi ya dakika chache. Tafuteni humo kipande kidogo cha udongo chenye alama ya mhuri: mtu amesimama na fimbo mkononi juu ya mji wenye majengo mengi, na chini yake ni bahari. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote mtakavyoviona Chania, na ni rahisi kukipita kwa sababu kinatosha kwenye kiganja.

Kuta za mji nazo zina habari inayowahusu nyinyi wa Mombasa moja kwa moja. Mwaka 1538 Hayreddin Barbarossa, amiri wa majeshi ya baharini ya Waothmani, aliishambulia Krete, na Wavenisi wakatambua kwamba ngome za zamani haziwezi kustahimili mizinga. Mji wa Chania ukazungushiwa ukuta mpya kwa michoro ya Michele Sanmicheli, mhandisi wa Verona: ukuta mnene na mfupi, handaki pana, na kwenye pembe ngome zilizochomoza ili walinzi waweze kupiga risasi sambamba na ukuta bila kuacha pembe iliyojificha. Elimu hiyo hiyo ya Kiitaliano ndiyo aliyoileta Giovanni Battista Cairati alipowachorea Wareno Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596. Tembeeni upande wa magharibi wa mji, kwenye handaki na ngome ya kona iitwayo Schiavo, mtatambua wenyewe pembe zile mlizozizoea nyumbani. Chania ilianguka mwaka 1645 pamoja na ukuta wake huo mzuri, baada ya kuzingirwa kwa muda wa karibu miezi miwili, na Waothmani wakaifanya kituo chao cha kwanza cha kuiteka Krete yote.

Mara tu baada ya ushindi huo walijenga gatini msikiti wenye kuba moja kubwa na vikuba vidogo pembeni, ulioitwa kwa jina la Küçük Hasan, kamanda wa kwanza wa mji. Ndio msikiti wa zamani kuliko yote ya Kiothmani katika Krete. Lazima niseme wazi, ili msije mkasikitika mlangoni, kwamba haufanyi tena kazi ya ibada: Waislamu wa Krete waliondolewa kisiwani kwa mkataba wa mwaka 1923 wa kubadilishana wakazi kati ya Ugiriki na Uturuki, mnara wake ulibomolewa, na siku hizi jengo hutumika kwa maonyesho. Sala zenu mtaziswali chumbani, na msijisumbue kutafuta msikiti mjini. Lakini msiache kwenda mtaa wa Splantzia, ambako kanisa la Mtakatifu Nikolaos lina mnara wa kengele upande mmoja na mnara wa adhana wenye roshani mbili upande wa pili. Lilijengwa na watawa wa Kidominika, likawa msikiti wa Sultani Ibrahim, kisha mwaka 1918 likawa kanisa la Kiorthodoksi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuangusha ule mnara mrefu. Mbele yake kuna uwanja wenye miti ya kivuli na viti. Mama akae hapo saa nzima anywe chai. Sioni mahali pengine mjini panapofundisha mengi kiasi hicho bila mtu kupanda ngazi hata moja.

Nje ya ukuta wa mashariki ni Koum Kapi, ambayo kwa Kituruki maana yake ni lango la mchanga. Katika karne ya 19 walikaa hapo watu wa asili ya Afrika, waliofika Krete katika zama za Waothmani na za Wamisri, wengine wakiwa watumwa na wengine wakiwa huru. Wengi walikuwa wapagazi na wavuta mashua, yaani kazi za bandari zilisimama juu ya mabega yao. Wakrete waliwaita Halikoutes. Mabadilishano ya 1923 yaliwachukua karibu wote kwa sababu walikuwa Waislamu. Waliobaki walikuwa wachache sana, na aliyejulikana zaidi ni Salis Chelidonakis, mwenye mashua aliyependwa na mji mzima hadi alipofariki mwaka 1967. Leo Koum Kapi ni safu ya mikahawa kando ya maji. Waongozaji wa watalii hupita hapo bila kuwataja watu hao, na mimi naona ni wajibu mgeni kutoka Afrika ajue kwamba bandari hii ilibebwa pia na watu waliofanana naye.

Upande wa pili wa bandari, nyuma ya gati la magharibi, ni Evraiki, mtaa wa zamani wa Wayahudi, na ndani ya uchochoro wa barabara ya Kondylaki kuna sinagogi la Etz Hayyim. Wajerumani waliokuwa wameiteka Krete tangu Mei 1941 waliwakamata Wayahudi wa Chania tarehe 29 Mei 1944, wakawapakia baadaye katika meli iliyoitwa Tanais, na tarehe 9 Juni nyambizi ya Waingereza ikaizamisha kwa topido bila kujua ni nani waliomo. Jamii nzima ilitoweka kwa usiku mmoja. Sinagogi lilibaki gofu kwa miaka mingi hadi lilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1999. Ingieni kwa utulivu, na msiende Jumamosi, kwani siku hiyo haipokei watalii.

Kwenye ngome ya Firkas ndipo bendera ya Ugiriki ilipopandishwa tarehe 1 Desemba 1913 mbele ya Mfalme Constantine na waziri mkuu Eleftherios Venizelos, mwenyeji wa eneo hili hili, na Krete ikawa rasmi sehemu ya Ugiriki. Ndani yake mna Makumbusho ya Bahari ya Krete, yenye mfano wa mji wa Wavenisi ulivyokuwa na bandari yake. Ningependa muyatembelee siku ya kwanza au ya pili, kwa sababu mkishauona mfano huo mitaa yote itaeleweka.

Sasa majira. Mwishoni mwa Septemba mmechagua vizuri. Julai na Agosti jua ni kali, upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu mchana, na mji hujaa kupita kiasi. Septemba joto hupungua, maji ya bahari bado ni vuguvugu, na mvua za kwanza kwa kawaida hungoja Oktoba. Bado mtakutana na meli za matembezi zinazotia nanga Souda na kuwaleta abiria wao kwa mabasi. Hao huingia mjini baada ya kifungua kinywa na kuondoka alasiri. Kwa hiyo pangeni bandari iwe ya alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Katikati ya mchana rudini chumbani kupumzika au muende nje ya mji.

Kuhusu malazi, kosa linalowapata wageni wengi ni kukodi chumba kwa kuvutiwa na picha ya dirisha linalotazama bandari. Nyumba hizo ni za Wavenisi, ni nyembamba na ndefu kwenda juu, ngazi zake ni za mbao na zimesimama karibu wima, na kelele za mikahawa chini yake huendelea hadi usiku wa manane. Mtaa wa Topanas, nyuma ya Firkas, ndio mzuri kuliko yote kwa macho, hasa barabara ya Theotokopoulou, lakini teksi haiingii na mizigo italazimika kuburutwa juu ya mawe. Kwa ajili ya mama ningechagua Splantzia au ukingo wa Koum Kapi: ni tambarare, teksi hufika karibu, na gati liko mwendo mfupi wa miguu. Jueni pia kwamba serikali ya Ugiriki hutoza ada ya mazingira kwa kila chumba kwa kila usiku, ambayo tangu mwaka 2025, kati ya Aprili na Oktoba, ni yuro 5 kwa hoteli ya nyota tatu na yuro 10 kwa ya nyota nne, na mara nyingi hulipwa hotelini kwenyewe, nje ya bei mliyoiona mlipoweka nafasi.

Njia ya kufika ni Nairobi hadi Athens kwa kubadilisha ndege Doha, Dubai, Istanbul au Cairo, kisha Athens hadi Chania kwa ndege ya dakika hamsini hivi. Uwanja wa ndege wa Chania uko rasi ya Akrotiri, kilomita 14 hivi kutoka mjini, na kuna basi na teksi. Pendekezo langu ni muende kwa ndege, kwa sababu mtakuwa mmechoka, na kurudi Athens kwa meli ya usiku kutoka Souda hadi Piraeus, mkiwa na chumba cha kulala melini. Huondoka jioni na kufika asubuhi, na mama atalala kitandani njia nzima. Fikeni gatini mapema, muombe wahudumu wawaonyeshe lifti kabla msongamano haujaanza. Msinunue tiketi ya ndege ya kurudi Kenya kwa asubuhi hiyo hiyo ya kufika Piraeus, kwani upepo ukizidi meli huzuiwa kuondoka, na tiketi zilizonunuliwa mbalimbali hazilindani. Acheni usiku mmoja Athens katikati.

Viza ndiyo sehemu inayotaka uangalifu mwingi. Wote watatu mtahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kwa kuwa safari yenu yote ni ya Ugiriki, ombi linapelekwa kwa Ugiriki, ambayo ina ubalozi wake Nairobi. Sheria inaruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini kwa safari ya Septemba ningefanya miadi Mei au Juni, maana foleni ya kiangazi ni ndefu na uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45 pale ubalozi unapotaka uchunguzi zaidi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi ombi likikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki halali angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Schengen. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya yuro 30,000 au zaidi katika nchi zote za Schengen. Kwa mama mwenye umri wa miaka 68 soma masharti yote, kwa sababu bima nyingine hupandisha bei au huondoa maradhi ya zamani kwa wenye umri huo.

Ofisa anayesoma faili hutaka kuona mambo mawili: kwamba mnaweza kujilipia, na kwamba mtarudi. Taarifa za benki zionyeshe pesa zinazoingia kwa utaratibu, kwani kiasi kikubwa kilichowekwa wiki moja kabla ya ombi huleta maswali kuliko kiasi kidogo kilichokusanywa kwa miezi. Barua za kazi zitaje likizo na tarehe ya kurejea kazini. Kwa kuwa mama anagharamiwa nanyi, ambatisha barua yako ya kukiri gharama zake pamoja na cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha uhusiano wenu. Ratiba ya mji mmoja, yenye hoteli moja na tarehe zinazolingana na tiketi, ni rahisi zaidi kwa ofisa kuiamini kuliko ile ya visiwa vitano.

Chakula kisiwatie hofu. Nyama ya halali ni shida kuipata katika mikahawa ya Chania, na msiitegemee. Lakini Krete ni nchi ya samaki, mboga na mafuta ya zeituni, na Waorthodoksi wana siku nyingi za mfungo ambazo hawali nyama wala maziwa, kwa hiyo kila mpishi anajua kupika vyakula vyao vya mfungo, viitwavyo nistisima. Neno hilo litawafaa kuliko maelezo marefu. Agizeni dakos, mkate mkavu wa shayiri uliowekwa nyanya na jibini laini. Boureki ya viazi na mamumunya. Horta, mboga za majani za porini zilizochemshwa na kukamuliwa limau, ambazo zitamfurahisha mama aliyezoea mchicha. Na samaki wa kuchoma anayepimwa kwa kilo mbele yenu kabla ya kupikwa. Asubuhi kuna bougatsa, ambayo hapa hutiwa jibini la mizithra lenye uchachu kidogo, kisha hunyunyiziwa sukari. Ulizeni kuhusu pweza wa mchuzi na vyakula vya sufuria, kwa kuwa mara nyingi hutiwa mvinyo. Mwisho wa mlo mwenye mkahawa huleta matunda au kitamu pamoja na kichupa cha tsikoudia, pombe kali ya zabibu, kama zawadi. Kataeni kwa mkono kifuani na tabasamu, mpokee matunda, na hakuna atakayeona vibaya.

Kwa siku za kwenda nje, naomba mzuie hamu. Korongo la Samaria ni mteremko wa kilomita 16 za mawe, halina nafasi katika safari yenu. Fukwe za Elafonisi na Balos ni nzuri kweli, ila zinakula siku nzima ya barabara zenye kona, na umesema hamfuati ufuo. Badala yake kodini teksi kwa nusu siku muende Aptera, mji wa kale ulioko mlimani juu ya Souda, wenye matangi makubwa ya maji ya zama za Warumi yaliyojengwa kwa kuba. Kutoka hapo ghuba nzima inaonekana, pamoja na kisiwa cha ngome ambacho Wavenisi walikishikilia hadi mwaka 1715, miaka 70 baada ya kuupoteza mji. Asubuhi nyingine nendeni Akrotiri, mpite kwenye makaburi ya Venizelos na mwanawe yanayoutazama mji kutoka juu, kisha mfike monasteri ya Agia Triada ya karne ya 17, yenye ua wa michungwa. Vaeni nguo za staha kama mnavyovaa siku zote na mtapokewa vizuri. Makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia, wapatao 1,500, yako ukingoni mwa ghuba ya Souda na yanapitika kwa kiti cha magurudumu, mama akitaka kukaa mahali penye ukimya.

Mpangilio wa kuweka nafasi uwe hivi: kwanza miadi ya viza, pili chumba kinachoweza kufutwa bila malipo, na ndege ibaki nafasi iliyohifadhiwa tu hadi pasipoti zirudi zikiwa na viza, kisha ndipo mlipe. Tiketi ya meli inunuliwe mwisho. Kabla ya kuthibitisha chumba mwandikie mwenyeji, umuulize ngazi ni ngapi kutoka barabarani hadi kitandani, kama bafu lina kizingiti cha kuruka, na teksi inasimama hatua ngapi kutoka mlangoni. Akijibu kwa ujumla tu, tafuteni chumba kingine.